Wenye mikahawa ya Nairobi, hiyo "dawa" yenu ni ipi hasa?

Wadau, leo nina hasira na sitaficha.

Jumapili nilimpeleka shangazi yangu kula mchana kwenye mkahawa mmoja hapa mjini. Ametoka Mombasa, kikohozi kimembana, ni mtu wa swala tano na pombe hajaionja tangu azaliwe. Menyu imeandika "Dawa" na bei, basi. Nikaitisha, nikitegemea ile ya tangawizi, limau na asali, kikombe kinafuka mvuke. Ikaja gilasi fupi, barafu tele, vipande vya ndimu na kijiti kimeviringishwa asali. Shangazi kapiga funda moja, akaitema kwenye leso. Vodka!

Mhudumu ananiambia, "Lakini boss, si uliitisha dawa?" Meneja naye akaja amevimba: eti kila mtu anajua dawa ni kokteli. Kila mtu nani? Asubuhi ingia mkahawa wowote Nairobi uone watu wenye mafua wakinywa dawa ya moto kabla ya kwenda kazini. Wote walevi?

Sikatai, kokteli yenyewe ina heshima yake. Ilivuma kutoka Carnivore, ule mkahawa wa nyama choma pale Lang'ata Road: vodka, ndimu, sukari, asali kwenye kijiti unakoroga mwenyewe, binamu wa caipirinha ya Brazil. Kule hukosei, maana Dr. Dawa, mhudumu wao wa kuchanganya hiyo kokteli, anapita mezani na vifaa vyake na unaona anachokumiminia. Hawa wengine wamebeba jina, maelezo wakayaacha. Shuka Diani au vuka Zanzibar, kuna dawa ya vodka, kuna ya Konyagi, kuna isiyo na kileo kabisa, na zote ni "dawa" tu.

(Na asiniambie mtu ningeuliza kwanza. Nani huuliza kama chai ina wiski?)

Kuandika "ina pombe" kunamaliza wino? Kuna mama mjamzito, kuna dereva, kuna aliyeandikiwa antibiotiki ya metronidazole na kuonywa asiguse kileo. Hao ndio hasa huagiza dawa, maana wanaumwa!

Bili ikaja kamili, vodka ndani. Nimelipa kwa sababu shangazi alitaka tuondoke mahali pale haraka. Meneja, kama unasoma, pesa yangu naitaka, na hiyo menyu irudi kwa mchapishaji. Na nyinyi wengine semeni: mliitisha dawa wapi, mkaletewa nini?