Nyumba ina nyufa na mlango unagoma kufunga: niite fundi, injinia au maabara?

MamaNeema (mwanzisha mada)

Wakuu habari za jioni. Mimi na mzee wangu tumepata nyumba Kimara, vyumba vitatu, haina ghorofa, ipo kwenye mteremko. Bei tumeipenda na mwenye nyumba anataka tumalize mwezi huu. Mara ya kwanza tulikwenda jioni, sikuona kitu. Mara ya pili tulikwenda asubuhi, mvua imetoka kunyesha, na tangu siku hiyo silali vizuri.

Chumba cha nyuma kina ufa unaoanzia kona ya dirisha na kupanda kimshazari hadi karibu na dari. Umepakwa rangi mpya, lakini mwanga wa asubuhi unauonyesha. Mlango wa chumba hichohicho umerandwa juu na bado unagoma kufunga. Nje ya ukuta huo, kama hatua nne, ndiko lilipo shimo la maji taka. Halafu ukuta wa bafuni una weupe kama chumvi hadi usawa wa goti.

Fundi wetu wa siku zote anasema atakuja aangalie bure. Shemeji anasema tutafute injinia. Mwenzangu kazini anasema twende moja kwa moja maabara ya chuo kikuu wapime zege. Hela yenyewe ni mkopo wa SACCOS, sina ya kuchezea. Aliyewahi kupitia mojawapo anisaidie tafadhali.

Mwashi_Tandika

Dada yangu, mimi ni mwashi, nimejenga miaka 19. Nikwambie ukweli kuhusu kazi yangu.

Kuna mambo ambayo fundi mzuri atakumalizia, na ukimwita injinia utakuwa umepoteza hela. Nyufa ndogondogo kama utando wa buibui kwenye plasta ni saruji ilizidi au plasta haikumwagiliwa maji ikakauka haraka. Ufa ulionyooka wima pale tofali zinapokutana na nguzo ya zege, mara nyingi ni vitu viwili tofauti vinavyotanuka na kunywea tofauti. Unafunguliwa, unawekwa wavu, unapigwa plasta upya. Huo weupe wa bafuni ni chumvi inayoletwa na maji yanayopanda kutoka chini, labda jamvi, yaani zege la sakafu, lilimwagwa bila kutandika nailoni, au bomba linavuja. Bomba tunalipata. Bati, kenchi, mchwa kwenye mbao, hayo yote tunaweza.

Lakini ufa wa kimshazari pamoja na mlango uliorandwa, vyote chumba kimoja na upande wa shimo, hapo mimi nashusha mwiko. Siwezi kuona kilichoko chini ya msingi kwa macho. Fundi akikuambia atachimbua ufa, aujaze saruji na kuweka wavu wa kuku, atakupendezeshea ukuta tu. Kilichouvuta kitabaki palepale.

Ukirudi kule nenda na gololi ya watoto. Iweke sakafuni katikati ya kile chumba, kisha katika vyumba vingine, uone kama sakafu imeinama ikakimbilia upande mmoja. Na uazime timazi, ule uzi wenye kizito wa kupimia wima, uining'inize kwenye kona ya nje.

Kaka_Dalali_Mbezi

Nawaheshimu wote, ila naongea kama mtu wa soko. Nyumba nzuri Kimara haikai. Ukimleta injinia na daftari lake, muuzaji anaona unamchelewesha, kesho kauzia mwingine. Hizo hela za ukaguzi ongezea kwenye ukarabati. Hakuna nyumba ya miaka kumi isiyo na ufa hapa mjini.

Mkaazi_Kitengela

Kaka Dalali, mimi nilifuata ushauri kama huo na ulinigharimu. Niko Kitengela, kwetu ardhi ni ule udongo mweusi unaovimba ukinyeshewa na kupasuka ukikauka. Nilinunua nyumba mwezi wa tano, mvua imenyesha, kuta ziko safi kabisa. Kufikia Septemba naona nyufa naweza kuingiza kidole. Nikaita fundi, akaziba. Mvua ikaja, zile nyufa zikajifunga, plasta ikabinuka na kuanguka. Mwaka uliofuata fundi mwingine, hadithi ileile. Nimelipa mafundi watatu kabla ya kumwita mhandisi mmoja, naye alichofanya kwanza ni kuchimba shimo kando ya msingi. Msingi ulikuwa umekaa juu ya huo udongo mweusi, haukufika kwenye murram, ule udongo mgumu wa changarawe, wala mwamba.

Kwa hivyo dada, uliza pia umeiona nyumba msimu gani. Ile uliyoiona baada ya mvua siyo utakayoiona kiangazi.

Injinia_Mstaafu

Mama Neema, mimi ni mhandisi wa miundo, sasa nimepumzika. Watu wengi huogopa ufa kwa ukubwa wake tu. Upana una maana, ila yapo mawili yenye uzito zaidi: ufa umeelekea wapi, na je, bado unatembea au umetulia.

Tuanze na upana. Kadi ya benki ina unene wa karibu milimita 0.8. Ikigoma kuingia na ufa uko kwenye plasta tu, kwa kawaida ni kazi ya kupaka rangi. Ikiingia kwa urahisi, chukua rula. Ufa wa milimita 5 unatosha kumwita mtaalamu hata kama huoni kingine. Ukifika 15, tayari unazungumzia matengenezo makubwa.

Mwelekeo. Ufa unaopanda kwa vidato ukifuata viungo vya tofali huwa unasema msingi umeshuka upande mmoja. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, mara nyingi ncha ya nyumba ndiyo inayoshuka. Ukiwa mpana chini, katikati ndiko kunakozama. Zunguka nje uangalie: ufa unaoonekana ndani na nje mahali pamoja umekata ukuta mzima.

Mwendo. Weka alama mbili za penseli, moja kila upande wa ufa, pima umbali kati yake, andika tarehe ukutani na upige picha. Rudi baada ya wiki kadhaa, na ikiwezekana baada ya msimu kubadilika. Mafundi wa zamani walikuwa wanabandika kipande cha kioo chembamba juu ya ufa. Kioo kikivunjika, ukuta umetembea. Njia hiyo bado ni nzuri.

Yote hayo ni kwa nyumba ya chini, ambayo kuta ndizo zinazobeba. Ghorofa ni habari nyingine kabisa, kwa sababu mzigo unabebwa na nguzo na boriti za zege. Ufa wa wima kwenye nguzo, nguzo inayomenyeka, ufa wa kimshazari kwenye boriti karibu na inapokalia nguzo, slabu, yaani zege la sakafu ya juu, iliyolegea katikati ukaiona kwa macho: hapo hakuna alama za penseli wala kulinganisha bei. Watu watoke kwanza. Boriti inayokatika kwa mshazari haitoi onyo refu.

Na msidharau kutu. Nondo ikishika kutu hujaa nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo inalisukuma zege kutoka ndani mpaka libanduke. Mistari ya kahawia chini ya slabu, ikifuata njia ya nondo, inatangulia kubanduka huko. Pwani jambo hili huja mapema zaidi kwa ajili ya chumvi ya hewa, na pale mchanga wa baharini ulipotumika bila kuoshwa.

Sasa swali lako la nani aitwe. Maabara hawatakuambia ununue au usinunue. Wao hujibu swali waliloulizwa: zege lina nguvu kiasi gani, nondo ziko wapi, udongo ni wa aina gani. Ile nyundo ya Schmidt hugonga uso wa zege na kupima linavyoirudisha. Ni ya haraka, lakini inasoma uso tu. Kukata kipande cha zege na kukivunja kwa mashine kuna uhakika zaidi, na gharama zaidi. BICO ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufanya kazi za uchunguzi wa majengo, lakini kwa nyumba yako ya chini, kwenda huko kabla ya mhandisi ni kama kupima damu yote kabla daktari hajakuuliza unaumwa wapi. Anza na mhandisi. Akihitaji kipimo, yeye ndiye atakayekiandika.

Mwombe namba yake ya usajili na uihakiki Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Wengi mtaani wanaitwa injinia kwa heshima tu. Mwombe pia ripoti ya maandishi yenye picha, sababu anayoishuku, kitakachotokea mkiacha, na hatua za kuchukua. Maneno ya mdomo yatakutupa siku ya kujadiliana bei.

Mpangaji_Ilala

Samahani naingilia mada. Nimepanga ghorofa ya pili. Pale chini kwenye duka, nguzo moja imepasuka wima, na juzi kipande kimeanguka nondo zikaonekana. Mwenye jengo kapiga plasta siku hiyohiyo, anasema ni plasta ya zamani. Injinia namwita mimi au yeye?

Injinia_Mstaafu

Mwanangu, toa familia yako leo, ulale kwa ndugu. Kisha nenda ofisi ya serikali ya mtaa na kwa mhandisi wa manispaa, peleka maandishi na picha za kabla ya plasta kama unazo, waombe wakugongee muhuri wa kupokea. Jengo linalobeba watu wengi siyo jukumu la mpangaji kulilipia ukaguzi. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi liliua watu 36. Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 jengo lilianguka watu wakiwa ndani kwenye biashara zao. Nakuomba usisubiri jibu la mwenye jengo. Ukishatoka, andika hapa tujue.

Bint_Shangani

Assalam alaykum. Naongeza kwa wenye nyumba za kale, maana ushauri wa zege ukiuleta Mji Mkongwe unaweza kubomoa nyumba.

Nyumba zetu ni mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, na boriti za mikoko juu. Ukuta ule unapumua. Ndugu zangu walipaka plasta ya saruji nje wakidhani wanaimarisha, maji yakanaswa ndani, na vichwa vya boriti vikaoza mulemule ukutani bila mtu kuona. Alama yetu ya kwanza haikuwa ufa. Ukuta ulitoa tumbo nje, na sakafu ya juu ikawa inadunda ukitembea. Dalili nyengine ni miche inayoota ukutani: mizizi inafuata chokaa iliyolegea.

Fundi wa saruji hakutufaa. Injinia wa kwanza naye alitaka tuvunje tujenge nguzo. Aliyetusaidia ni fundi mkongwe wa chokaa akifanya kazi pamoja na mhandisi anayezijua nyumba hizi, kwa kupitia Mamlaka ya Mji Mkongwe. Beit al-Ajaib, nyumba ya Sultan Barghash ya mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka Disemba 25, 2020, na wakati huo ilikuwa katika matengenezo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza fundi au injinia, uliza nyumba yenyewe imejengwa kwa vitu gani.

Mwashi_Tandika

Bint Shangani umesema jambo. Na Kaka Dalali, muuzaji anayekataa nyumba yake ikaguliwe kwa saa mbili, na yeye keshakupa jibu. Muulizeni pia kibali cha ujenzi na michoro. Na muulizeni nani alichimba lile shimo, na kabla ya pale palikuwa na nini. Kimara kwenye miteremko watu husawazisha kiwanja kwa kifusi, kisha hujenga juu yake.

Mpangaji_Ilala

Tumetoka jana usiku, tuko kwa dada Gongo la Mboto. Barua imepokelewa manispaa leo asubuhi na wapangaji wawili wengine wametia sahihi. Asante mzee.

MamaNeema (mwanzisha mada)

Narudi na majibu, samahani nimekawia wiki mbili.

Gololi ilikimbilia ukuta wa nyuma katika chumba kile, katika vyumba vingine ilitulia. Kadi ya benki iliingia nje na ndani. Ufa ni mpana juu. Baada ya hapo sikubishana tena na shemeji.

Mwenye nyumba alinuna mwanzoni, ila alikubali. Injinia tulimhakiki, namba yake ni halali. Tumelipa laki tatu na nusu pamoja na nauli, na vibarua wawili wa kuchimba tumewalipa pembeni. Walichimba kona ya nyuma na ya mbele. Msingi wa mbele umekaa kwenye udongo mgumu, wa nyuma umekaa juu ya kifusi, mkaa na vipande vya tofali vikitoka kwenye sepetu. Udongo upande wa shimo ulikuwa tope, ingawa mvua ilikuwa imekata siku tano. Ripoti inasema maji ya shimo yanakilainisha kifusi na kona inashuka nayo. Shimo lihamishwe, maji ya paa yapelekwe mbali, kisha msingi wa nyuma uongezwe kwenda chini kipande kwa kipande, cha kama mita moja kila mara, ili ukuta usibaki bila cha kukalia. Zege la kupima maabara halikuhitajika. Bafuni ilikuwa bomba, fundi wetu kalipata.

Makadirio ya hiyo kazi tumeyapeleka kwa mwenye nyumba pamoja na ripoti. Kapunguza, lakini bado haifiki gharama. Tumekubaliana shimo alihamishe yeye kwanza, na alama za injinia zibaki ukutani mpaka masika iishe. Kati ya alama na alama ni milimita 62. Tutapima tena mwisho wa mwezi wa tano, nitaweka namba hapa.