Mjadala: Teja akishikwa na kete mbili, jela au dawa?

Mkomani82: Kijana wa mtaani kwetu hapa Lamu kafungwa tena, kete mbili za unga, yaani heroini. Hii mara ya tatu. Sheria ya mihadarati ni ya 1994, ikarekebishwa 2022, na bado tunajaza jela wagonjwa. Methadoni, dawa ya kumtoa mtu kwenye unga, iko hospitali ya Malindi tangu 2015. Hakimu ashindwe nini kumpeleka huko?

Nahodha: Kwanza arudishe mashine yangu ya boti, ile ya nguvu farasi 15. Nimerudi Shela kwa pondo kama babu yangu. Na mkitaka ukweli, mateja hulelewa na mama zao. Mchana mwizi, usiku apakuliwe wali.

BiLangoni: Nahodha, mimi ni mama wa teja. Mtungi wa gesi nimelala nao miaka minne, nimeufunga mnyororo kwenye mguu wa kitanda. Nimnyime wali ili iweje, aje akuchukulie na nanga?

MaalimBarani: Nahodha omba radhi. Mama za watu si wa kutajwa hivyo.

Nahodha: Sijamtaja mtu. Kofia imemtosha mwenyewe.

MaalimBarani: Adabu hukufunzwa, pondo ndiyo ulofunzwa.

Mkomani82: Jamani, swali langu...

Nimeacha_Malindi: Mnagombania wali. Mimi nimekaa ndani miezi sita. Siku za kwanza arosto, yale maumivu ya kukosa unga, imenilaza sakafuni, natapika, wenzangu wananisogezea ndoo kwa mguu. Rafiki yangu alitoka kabla yangu. Mwili ulishazoea kukaa bila unga, yeye akajidunga kipimo kile kile cha zamani. Hakumaliza wiki. Sasa mimi kila asubuhi nakunywa dawa kikombeni mbele ya muuguzi, kisha ananiuliza jina. Jina langu analijua, anataka kuona nimemeza.

Nahodha: Yaani serikali imekutoa kwenye unga ikakupa unga wake.

Nimeacha_Malindi: Mwezi huu nimepaka rangi boti tatu. Wewe utatoka baharini bila mirungi shavuni?

Nahodha: Mirungi ni halali! Ni zao kama korosho!

MaalimBarani: Halali ya serikali au ya Mungu? Fafanua.

Nahodha: Mimi navua usiku kucha, maalim. Wewe unalala.

Mkomani82: Mirungi imeingiaje hapa? Nimeuliza juu ya hakimu. Mwizi ashtakiwe kwa wizi, sikatai. Huyu alishikwa na kete mfukoni, basi.

Nahodha: Na hela ya kete aliokota?

BiLangoni: Nahodha, hiyo mashine yako kifuniko kimepakwa kijani?

Nahodha: Ndiyo, na kimepasuka upande. Iko wapi?

BiLangoni: Pita nyumbani baada ya isha. Usije na askari.

MaalimBarani: Sijajibiwa kuhusu mirungi.