Kituo kidogo cha TV kilichobadili jina mara mbili: ni kile kile au ni vitatu tofauti?

mtazamaji58

Habari za leo wakuu. Nina swali linanisumbua tangu wiki iliyopita.

Kati ya 2007 na 2010 niliishi kwa shangazi yangu, kwenye mji mdogo kaskazini mwa Minnesota, Marekani. Pale kulikuwa na kituo cha televisheni ambacho ukitoka mjini ukaendesha gari nusu saa hukipati tena. Studio yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la samani. Walirusha vikao vya halmashauri, mechi za hoki za shule ya sekondari, ibada ya Jumapili kwa wasioweza kutoka nyumbani, na kila jioni mzee mmoja alisoma matangazo ya vifo na ya mbwa waliopotea. Alisoma polepole, kila neno likasikika. Kiingereza cha kule nilianza kukielewa kwa kumsikiliza yeye.

Kilikuwa chaneli 58, na jina lake lilianza na K58 kisha herufi mbili, kama namba ya gari. Juni 2009 shangazi alifunga king'amuzi cha dijitali, na 58 ikapotea siku ile ile. Tukaamini kimekufa. Lakini jirani yetu mwenye runinga ya zamani, ambaye hakufunga chochote, alituapia kwamba anaendelea kukiona. Hatukumwamini.

Sasa wiki iliyopita shangazi kanunua runinga mpya, kanitumia picha. Mechi ya hoki, kona ya skrini imeandikwa 58-1. Ila jina la kituo linaanza na K27 na mwishoni kuna D. Binamu yangu anasema katikati hapo kiliwahi kuitwa K42. Ni kituo kile kile kweli?

Fundi wa Mnara

Dada, ni kile kile, na jirani yenu alisema kweli. Nimefanya kazi ya kupanda minara ya televisheni katika majimbo ya kati kule kwa miaka tisa, na vituo vya namna hiyo ndivyo nilivyovipenda kuliko vyote. Vumilia urefu wa jibu langu.

Nianze na jina. Kule vituo vikubwa hupewa herufi tu, zikianza na K kwa sehemu kubwa ya magharibi ya mto Mississippi na W kwa mashariki. Kituo chenye nguvu ndogo kwa kawaida hupewa K au W, halafu namba ya chaneli kinayorushia, halafu herufi mbili za kukitofautisha. Kwa hiyo kikihamishwa chaneli, jina linabadilika hata kama watu, studio na mnara ni vile vile. D ni ya dijitali. Ile 58-1 ni kitu kingine kabisa: ni namba inayosafiri ndani ya mawimbi ya dijitali ikiiambia runinga ionyeshe nini, ili mtazamaji aliyezoea 58 asipotee. Mawimbi yenyewe sasa yako kwenye 27.

Swali la maana zaidi ni kwa nini kimehamahama. Mwaka 1956 FCC, tume inayosimamia mawasiliano ya Marekani, iliruhusu mitambo midogo ya kunasa matangazo ya kituo kikubwa na kuyarudia kwa watu waliozibwa na milima. Mitambo hiyo haikuwa na studio. Mwaka 1982 tume ikaweka rasmi huduma ya televisheni yenye nguvu ndogo, kwamba mtambo kama ule unaweza kuwa na vipindi vyake wenyewe. Maombi yalikuwa yamefurika kwa maelfu kabla hata kanuni hazijakamilika, mpaka mwaka 1981 tume ikasimamisha kupokea, na kuanzia 1983 leseni zikaanza kugawiwa kwa bahati nasibu. Jimbo lenu lina heshima hapo: Bemidji, Minnesota, ndiko kilikoanza kurusha kituo cha kwanza cha aina hiyo, K26AC, mwaka 1981, kabla hata kanuni hizo hazijakamilika.

Leseni hizo zilikuja na sharti moja, na historia yote ya kituo chako imo ndani yake. Ni huduma ya daraja la pili. Kituo kidogo hakiruhusiwi kuingilia mawimbi ya kikubwa, na kikubwa kikikuingilia wewe unavumilia. Kikubwa kikihitaji chaneli yako, unafungasha.

Sasa fuata namba. Chaneli 52 hadi 69 ziliondolewa kwenye televisheni wakati wa kuhamia dijitali, na sehemu kubwa ikapigwa mnada mwaka 2008 kwa kampuni za simu. Vituo vidogo vilivyokuwa humo vilitakiwa kutoka kabla ya 31 Desemba 2011. Hapo 58 yenu ikawa 42. Kisha ukaja mnada mwingine, uliomalizika Aprili 2017 kwa dola bilioni 19.8, ukachukua chaneli 38 hadi 51. Hapo 42 ikawa 27. Kampuni ya simu ikiwa tayari kuwasha mitambo yake, ilitakiwa kukipa kituo kidogo notisi ya siku 120 tu. Vikubwa vilivyohamishwa vililipiwa gharama tangu mwanzo. Vidogo vilingoja hadi 2018, Bunge lilipovitengea dola milioni 150. Nilishuhudia wenye vituo wakiuza magari yao kununua antena mpya, kwa sababu antena iliyokatwa kwa vipimo vya 42 haifai kwa 27. Iliniuma wakati ule na inaniuma bado.

Na king'amuzi chenu: kuzimwa kwa analojia kwa 12 Juni 2009 kuligusa vituo vikubwa tu. Vidogo viliruhusiwa kubaki analojia, na vingi vilibaki hadi 13 Julai 2021. Serikali ilitoa kuponi za dola 40 kununulia ving'amuzi, lakini ving'amuzi vingi havikuwa na njia ya kupitisha analojia. Waya wa antena unaingia kwenye king'amuzi, king'amuzi hakijui analojia, basi kituo cha mjini kwenu kimefutika wakati mnara wake unawaka taa pale nje. Jirani, kwa kuwa hakufunga kitu, alibaki na chaneli moja tu, nayo ni ile. Majira yale nilizunguka nyumba kwa nyumba nikiwafungia wazee kigawanyishi cha antena, waya mmoja kwenye king'amuzi na mwingine moja kwa moja kwenye runinga.

KasetiYaZamani

Fundi asante sana. Naongeza kitu cha kabla ya leseni hizo. Kwenye bonde la Lanesville, milima ya Catskill, jimbo la New York, vijana wa kundi la Videofreex walirusha Lanesville TV kuanzia Machi 1972 hadi 1977, bila leseni yoyote. Walikuwa na kamera za kubebeka na transmita ndogo waliyoipata kwa msaada wa mwanaharakati Abbie Hoffman, na watazamaji wao walikuwa wakazi wa bonde lile tu. Majirani walipiga simu wakati wa kipindi, wakaonekana kwenye vipindi. Zaidi ya matangazo 250 yalirushwa hivyo.

Kinachonigusa ni kwamba mmoja wao, Parry Teasdale, baadaye aliishauri FCC wakati wa kuandika kanuni za vituo vyenye nguvu ndogo. Mtu aliyejua bonde moja linahitaji nini alikaa na watunga sheria.

mtazamaji58

Fundi, nimesoma mara tatu. Nimempigia binamu, anathibitisha miaka yote miwili. Jirani ameshafariki, ningetamani kumwomba radhi.

Je, kinaweza kufukuzwa tena?

Fundi wa Mnara

Inategemea kama kiliomba ulinzi. Sheria ya 1999 ilivipa vituo vidogo nafasi ya kupandishwa hadhi, iitwayo daraja A, kwa masharti mawili makubwa: kirushe saa 18 kwa siku, na wastani wa saa tatu kwa wiki ziwe vipindi vilivyotengenezwa eneo lile lile. Vilitakiwa viwe tayari vinafanya hivyo siku 90 kabla ya sheria, kwa hiyo vingi vilikosa. Dirisha la pili lilifunguliwa na sheria iliyosainiwa 5 Januari 2023, kwa vituo vilivyo kwenye masoko, yaani maeneo ya utangazaji, yasiyozidi kaya 95,000 zenye runinga, na maombi yakafungwa 30 Mei 2025. Hoki, halmashauri na yule mzee wa mbwa waliopotea, hivyo ndivyo vipindi vinavyohesabiwa.

mtazamaji58

Nitamwambia shangazi awaulize dukani kama waliomba. Jambo la mwisho: anasema picha inaganda kila dakika chache, kisha inapotea kabisa. Zamani ilikuwa chenga tu, ila uliona.

Fundi wa Mnara

Analojia ikichoka ilikupa chenga. Dijitali ikichoka inakata. Antena yake bila shaka bado imeelekezwa kwenye minara ya mji mkubwa, kama ilivyofungwa 2009. Kituo chenu kina wati 15,000 kwa wingi wake, wakati kikubwa cha dijitali kinaweza kufika 1,000,000, kwa hiyo hakiwezi kulazimisha njia kuingia ubavuni mwa antena. Aigeuze taratibu kuelekea mnara wa mjini, kidogo kidogo, na kila akigeuza angoje sekunde kadhaa runinga ishike. Kisha atafute chaneli upya.

mtazamaji58

Kuna mechi Ijumaa. Binamu atapanda juu ya paa Alhamisi jioni, shangazi akae mbele ya runinga na simu mkononi amwambie lini inashika.