Pentax K1000 iliyokaa sana kwenye mfuko wa ngozi: kuvu, sponji na mshale usiosogea

Shangani_35mm
Wakuu, habari za mchana. Kuna kamera ya filamu, Pentax K1000, na lenzi yake SMC Pentax-M 50mm f/2, ipo Shangani, Mtwara, jirani na bahari. Imekaa kabatini miaka mingi ndani ya mfuko wake wa ngozi. Ukimulika lenzi kwa tochi unaona nyuzi nyembamba zenye matawi upande wa mbele, ndani ya kioo. Sponji za mlango wa nyuma zimeyeyuka, zinanata vidoleni. Mshale wa kipima mwanga hausogei hata kwa betri mpya. Kioo cha ndani cha kuakisi, kile kinachopanda ukipiga picha, nacho mara nyingine kinapanda, hakishuki. Nianze na kipi, na kipi nisikiguse kabisa nyumbani?

FundiMikindani
Mkuu, kabla ya yote itoe kwenye huo mfuko leo. Ngozi hunyonya unyevu na kuushikilia, na kuvu huishi humo humo. Usirudishe kamera ndani yake hata baada ya kusafisha.

Kioo kisichoshuka, mara nyingi mkosaji ni sponji ya juu, kile kipande chembamba ambacho kioo hugonga kikipanda. Ikiyeyuka inakigandisha. Toa lenzi, geuza kamera mdomo uangalie chini ili uchafu usidondokee ndani, kisha kwangua taratibu kwa kijiti cha meno chenye alkoholi ya isopropili kidogo sana. Isichuruzike. Kioo cha kulenga, kile unachoona picha juu yake ukichungulia, kilicho juu pale ni cha plastiki, kikiguswa na alkoholi kinaharibika moja kwa moja. Kioo chenyewe cha kuakisi kina rangi ya fedha usoni, si nyuma kama cha kujitazamia, kwa hiyo usikisugue. Vumbi lipulize kwa mpira wa kupulizia. Halafu bandika sponji mpya nyeusi ya milimita 2.

Mlango wa nyuma: kwenye ile mifereji miwili myembamba ya juu na chini laza uzi mweusi wa sufu, upande wa bawaba weka sponji ya milimita 1.5 hadi 2. Ukitumia sponji yenye gundi, ilowanishe maji kidogo upande wa gundi, utaweza kuisogeza mpaka ikae sawa kabla haijashika. Usipobadilisha, picha za rangi zitatoka na michirizi ya rangi ya chungwa au nyekundu. Mwanga unaovuja unaipiga filamu kwa mgongoni, ambako tabaka la nyekundu ndilo linalokutana nao kwanza.

Kama kioo kitaendelea kukwama hata baada ya hapo, basi ni mapazia ya shata (yanayofunguka kuruhusu mwanga ufike kwenye filamu) hayamalizi safari kwa sababu grisi imekauka. Hiyo ni ya fundi. Tafadhali usipulizie mafuta ya dawa ya kutu humo ndani, yanasambaa mpaka kwenye mapazia ya kitambaa na kwenye lenzi.

Kusi_na_Kaskazi
Naongezea kuhusu mshale. K1000 haina swichi ya kuzima kipima mwanga. Kifuniko cha lenzi ndicho swichi. Ikikaa bila kifuniko, betri inakwisha yenyewe. Inatumia LR44 moja, lakini nunua SR44 ya oksidi ya fedha, volti yake haiyumbi.

Ikiwa betri ni nzima na mshale umelala, fungua kifuniko cha betri uangalie ukoko wa kijani au mweupe. Betri ya alkali iliyovuja huacha magadi, kwa hiyo tumia siki au limao kwenye kijiti cha pamba, kisha alkoholi, kisha acha ikauke. Ukoko mara nyingi huwa umepanda ndani ya waya unaotoka kwenye kikombe cha betri. Nje waya unaonekana mzima, ndani umeliwa. Hapo unakatwa na kuunganishwa mpya kwa kulehemu risasi.

Wakati huo kamera inapiga picha, maana shata yake ni ya mitambo tupu na spidi zote zinafanya kazi bila betri. Jua kali, filamu ya ISO 200 (kipimo cha wepesi wake kwa mwanga): tundu la lenzi f/16, spidi ya shata 1/250 ya sekunde. Ufukweni kwenye mchanga mweupe, f/22.

FundiMikindani
Sasa kuvu. Inatoa asidi inayokula utando wa rangi juu ya kioo, kwa hiyo usichelewe. Lenzi nyingi za aina hii, pete ya mbele yenye jina hufunguka kwa kuikandamiza na kuizungusha na kipande cha raba. Chini yake kuna pete yenye vijishimo viwili, inahitaji kifaa chenye ncha mbili. Bisibisi itateleza na kukwaruza kioo. Piga picha kila hatua na weka alama kila kioo kimetazama wapi. Peroksaidi ya haidrojeni ya asilimia 3 kutoka duka la dawa, dakika moja au mbili, futa, malizia na alkoholi. Dawa za kufulia zenye klorini, hapana. Alama ikibaki, ni kioo kilicholiwa, usizidi kusugua. Utaona athari ukipiga picha ukikabili jua tu.

Shangani_35mm
Asanteni sana. Na kuhifadhi? Nilifikiria kuiweka kwenye ndoo ya mchele.

Kusi_na_Kaskazi
Mchele unatoa vumbi la wanga, acha. Chukua kontena la plastiki lenye raba kwenye kifuniko, weka silika jeli gramu 200 na kipima unyevu kidogo. Lenga asilimia 40 hadi 50. Ikipita 65 kuvu inaanza. Masika yetu ya Desemba hadi Aprili utaikausha silika mara nyingi zaidi: oveni nyuzi 120 kwa saa mbili, au sufuria kavu kwenye moto mdogo. Shata iache haijavutwa, na kila mwezi ifyatue mara kadhaa kwa kila spidi.

Ya kujua kama spidi ni sahihi: fungua mlango wa nyuma, elekeza lenzi dirishani, rekodi kwa simu kwa fremu 240 kwa sekunde. Kwenye 1/30 doa la katikati liwake fremu 8, kwenye 1/60 fremu 4. Ikifika 12 badala ya 8, grisi imekauka.