Naomba ushauri: bitruti ya mama, naitreti na maji ya kisima

Shikamooni wakubwa. Niko Uyole, Mbeya. Mama ana presha na anatumia dawa. Miezi 2 sasa kila asubuhi namsagia bitruti, na jioni mchicha haukosi. Jumapili kaka kaja kutoka Makambako, anasema mboga hizo zimejaa naitreti (kemikali ambayo mimea huivuta kutoka udongoni), ile ile ya kwenye soseji inayoleta saratani. Mama kasikia, kasukuma glasi pembeni. Nimsikilize nani? Wifi naye yuko kwetu na kichanga wa miezi 3. Maziwa yake yamekata, anamkorogea ya kopo kwa maji ya kisima, tunayachemsha vizuri.

Mla Matembele: Dada, kaka hajadanganya, ila kaishia njiani. Naitreti ya mchicha huingia kwenye damu, tezi za mate huirudisha mdomoni, bakteria wa ulimi huigeuza kemikali nyingine, naitraiti, na mwilini inakuwa naitriki oksaidi inayolegeza mishipa. Ndiyo maana presha hushuka kidogo. Mama asisukutue kila siku kwa dawa za kuua bakteria, atawaua hao hao. Kwenye soseji, naitraiti inakutana na nyama, na kwenye moto mkali huzaa naitrosamini, kemikali zinazoweza kuleta saratani. Mboga ina vitamini C inayozuia hilo. Mwaka 2015 shirika la saratani la WHO lilisema gramu 50 za nyama ya kusindikwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18 hivi. Mboga haikutajwa humo.

Mkwe wa Njombe: Dawa asiache, na presha apime. Mkojo ukiwa mwekundu msishtuke, ni bitruti. Kama figo zina shida, aulize daktari kwanza.

Nesi Mstaafu: Mimi roho yangu iko kisimani. Kiko karibu na choo au shamba?

Mtoa mada: Hatua kama 15 kutoka shamba la viazi. Choo kiko upande wa juu.

Nesi Mstaafu: Mwanangu, maji hayo mtoto asipewe tena. Naitreti ya mbolea na vyoo huzama hadi kisimani. Kikomo cha WHO ni miligramu 50 kwa lita. Ikizidi, damu ya mtoto wa chini ya miezi 6 hushindwa kubeba oksijeni, midomo na kucha vinakuwa vya bluu. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua sufuriani inakolea zaidi. Tumieni ya bomba yaliyopimwa, yachemsheni, na sampuli ya kisima ipelekwe maabara ya maji. Wifi arudi kliniki, maziwa huweza kurudi. Mkiona ubluu, hospitali saa hiyo hiyo.

Mtoa mada: Nimemwangalia dirishani, midomo na kucha viko sawa. Kaka kashika ndoo, anaelekea bombani kwa jirani.