BCR::ABL1 imepanda kutoka 0.08% hadi 0.25%: dawa imeshindwa au ni maabara?

Mfuatiliaji: Wakuu, tunafuatilia wagonjwa wa saratani ya damu aina ya CML walio kwenye dawa ya imatinib. Kipimo cha BCR::ABL1, jeni ya saratani hii, kwa mmoja wao kilisoma 0.08% mwezi wa 12 wa matibabu. Mwezi wa 15 amesoma 0.25%, ila sampuli hiyo ilipimwa maabara nyingine. Nimwandike kuwa dawa imeshindwa?

Benchi_PCR: Usimwandike bado. Kwa mwongozo wa 2020 wa ELN (mtandao wa Ulaya wa saratani ya damu), kutoka chini ya 0.1% na kuingia kati ya 0.1% na 1% ni onyo. Kushindwa ni zaidi ya 1%. Hakikisha maabara zote mbili zinatoa majibu kwa kipimo cha kimataifa, IS. Kila maabara ina kizidisho chake, yaani namba ya kugeuza majibu yake yawe ya IS, na bila hicho namba hizo hazilinganishiki. Kisha omba idadi ya nakala za ABL1, jeni ya kulinganishia ambayo asilimia hukokotolewa dhidi yake. Inasikitisha kwamba watu hujaza asilimia kwenye jedwali na kuacha nakala, wakati ndizo zinazosema kama asilimia inaaminika.

Mfuatiliaji: Zote ni IS, na kizidisho kwa zote ni karibu na 1. Nakala za ABL1 kwa sampuli ya pili ni 2,900.

Benchi_PCR: Basi jibu ndilo hilo. 0.25% ya 2,900 ni nakala kama 7 tu za BCR::ABL1. Ukipima tena damu ileile unaweza kupata 3 au 12. Tafuta sampuli yenye angalau nakala 10,000 za ABL1.

Dada wa Sampuli: Nakala zikiwa haba hivyo, chunguza damu ilivyosafiri. Itumike chupa ya EDTA (kizuia damu kuganda) yenye kifuniko cha zambarau, maana heparini, kizuia kuganda kingine, huzuia PCR, njia ya kupima jeni hizi. Vuta mililita 10 au zaidi, pindua chupa taratibu mara 8 hadi 10, ifike ndani ya saa 24, isizidi 48. Damu nzima isigandishwe kwenye friza: chembe hupasuka na RNA, ambayo ndiyo inayopimwa, huharibika.

Mfamasia K: Rudieni kipimo baada ya wiki 4 hadi 6, maabara moja. Wakati huohuo hesabuni vidonge vilivyobaki, na muulizeni kama anatumia rifampicin, kwani hushusha sana kiwango cha imatinib mwilini. Ikiendelea kupanda na dozi hazirukwi, tafuteni mabadiliko ya jeni. Badiliko liitwalo T315I likionekana, dasatinib na nilotinib, dawa nyingine za CML, nazo hazitafaa. Huzungumzwa ponatinib au asciminib. Kwa sasa andika "onyo, halijathibitishwa", na usifute 0.25%.