Mjadala: Je, Gridi ya Taifa itenganishwe na TANESCO?

Mleta mada:

Wadau, salaam. Naomba hoja hii tuijadili kwa takwimu, bila ushabiki wa vyama.

Bwawa la umeme la Julius Nyerere, kule Rufiji, limekamilika. Mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115. Wa kwanza uliingia kwenye gridi Februari 2024, wa mwisho Aprili 2025. Machi 2024, mitambo mingi ya bwawa ikiwa bado haijawashwa, Serikali ilitangaza kuzima vituo vitano vya umeme wa maji kwa sababu umeme umezidi mahitaji. Usiku wa kuamkia Aprili 1, gridi ikapata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi ikalala gizani. Kwa hiyo kuzalisha tunaweza. Tumekwama kwenye kuufikisha umeme unakotakiwa.

Mwaka uliofuata, Machi 2025, Rais Samia akiwa Kilimanjaro alieleza kwamba mikoa ya Kaskazini itanunuliwa umeme wa Ethiopia kupitia Kenya, kwa sababu kuusafirisha kutoka kusini kunatupotezea kiasi cha shilingi bilioni 32 kwa mwaka. Watu walikasirika sana: tumejenga bwawa kwa trilioni 6.5, halafu tunanunua nje? Mimi ununuzi haukunisumbua. Kagera imetumia umeme wa Uganda kwa miaka mingi, Rukwa umetoka Zambia, na hakuna aliyeandamana. Kilichoniuma ni kwamba ilibidi Rais asimame jukwaani ndipo nisikie gharama ya kusafirisha umeme ikitajwa peke yake. Kwenye ankara na kwenye Luku hakuna mahali unapoona kiasi gani ni cha kuzalisha, kiasi gani ni cha njia kubwa na kiasi gani ni cha nguzo za mtaani kwako.

Ninachopendekeza: njia kubwa za kusafirisha umeme, vituo vyake vya kupoza na chumba cha kuongozea gridi pale Ubungo viwe kampuni ya umma inayojitegemea, yenye bodi yake na hesabu zake, zikaguliwe na CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, kama kawaida. Sisemi iuzwe. Isiuzwe hata hisa moja. TANESCO ibaki na mitambo yake na usambazaji. Mwenye mitambo asiwe ndiye anayeamua mtambo wa nani uwashwe na wa nani uzimwe. Afrika Kusini wameanza: tangu Julai 2024 njia kubwa za Eskom, shirika lao la umeme, zinaendeshwa na kampuni tanzu yenye bodi yake, ambayo bado ni mali ya umma kupitia Eskom.

Na wala si wazo langu. Mkakati wa Serikali wa mageuzi ya sekta ya umeme, wa 2014 hadi 2025, ulisema uzalishaji utengwe kwanza, kisha usafirishaji na usambazaji, na mwishoni usambazaji ugawanywe. Muda umekwisha, TANESCO ni ile ile. Kama tuliuacha kwa sababu nzuri, tuelezwe sababu hizo.

Mchangiaji wa Tabata:

Mkuu, umeandika vizuri ila umeruka historia. Mwaka 1995 ulisainiwa mkataba wa IPTL, kampuni binafsi ya kuiuzia TANESCO umeme, na hadi 2014 Bunge lilikuwa bado linagombana kuhusu fedha za mgogoro huo zilizowekwa kwenye akaunti ya Escrow. Mwaka 2002 tuliletewa kampuni ya NetGroup kutoka Afrika Kusini kuiendesha TANESCO, wakaondoka 2006. Mwaka huo huo wa ukame na mgao ikaja kampuni ya Richmond kuzalisha umeme wa dharura, na Februari 2008 Waziri Mkuu akajiuzulu kwa kashfa ya mkataba huo. Kila mara tuliambiwa ni mageuzi, na kila mara kilichobaki ni deni na kesi. Leo unasema kampuni ya umma, kesho tutaambiwa imekosa mtaji inatafuta mbia. Shirika moja kubwa angalau tunajua mlango wa kugonga.

Halafu kuna bei. Mwananchi anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi analipa shilingi 100 kwa uniti. Kijijini anaunganishwa kwa 27,000. Pengo hilo analifidia mteja mkubwa, na linawezekana kwa sababu mfuko ni mmoja. Ukianza kugawa mifuko, nani atambeba bibi wa Namtumbo?

Fundi mstaafu:

Vijana, nimefanya kazi kwenye vituo vya kupoza umeme karibu maisha yangu yote ya ajira. Naomba niseme ya kiufundi kwanza.

Umeme hausafiri bure. Kadiri mkondo unavyokuwa mkubwa ndivyo waya unavyopata moto, na joto hilo ni umeme uliokwishalipiwa. Dawa yake ni kupandisha volteji. Kiasi kile kile cha nguvu ukikipitisha kwenye kilovolti 400 badala ya 220, mkondo unashuka karibu nusu, na upotevu kwenye waya wa aina ile ile unabaki chini ya theluthi moja. Umeme wa Rufiji unatoka kwa kilovolti 400 hadi Chalinze. Kutoka pale kwenda mbele ndipo pa kuangalia. Njia ya Chalinze hadi Dodoma, kilomita 345, ilitakiwa iwe inasubiri bwawa, sio bwawa liisubiri yenyewe. Hilo ni kosa la mpangilio wa fedha na ujenzi, na lingeweza kutokea hata tungekuwa na kampuni kumi.

Sasa chumba cha kuongozea gridi. Yule kijana wa zamu anaangalia namba moja kuliko zote: hezi 50, yaani mapigo ya umeme kwa sekunde. Mtambo mkubwa ukitoka ghafla, namba inaanza kushuka, 49.8, 49.5, na ndani ya sekunde chache vifaa vinaanza kukata laini vyenyewe ili kuokoa zilizobaki. Mtambo mmoja wa megawati 235 kwenye gridi ya ukubwa wetu ni mzigo mkubwa kuupoteza kwa mpigo. Pale hakuna muda wa kuandikiana barua kati ya mashirika mawili. Unapiga simu kituoni: ongeza, punguza, zima. Anayepokea anatii kwa sababu bosi ni mmoja.

Sipingi kabisa, ila msidhani kubadilisha kibao cha ofisini kutapandisha volteji Arusha.

Mdau wa Kampala:

Huku kwetu shirika la umeme liligawanywa vipande vitatu mwaka 2001. Usambazaji wakapewa kampuni binafsi iitwayo Umeme kwa miaka 20 kuanzia Machi 2005. Niseme ukweli wote: upotevu ulishuka kutoka zaidi ya asilimia 30 hadi chini ya 20. Bei hata hivyo ilituumiza, na mkataba ulipoisha Machi 2025 usambazaji ukarudi serikalini na mvutano wa fidia. Lakini angalieni jambo moja: njia kubwa, zilizo chini ya kampuni ya UETCL, zilibaki za umma muda wote. Ugomvi wetu ulikuwa huku chini kwenye mita na nguzo, haukuwa juu kwenye gridi.

Mleta mada:

Shikamoo mzee wetu fundi. Kuhusu zamu na hezi 50, nakubali utii lazima uwepo, ila utii huo unaweza kuwekwa kwenye kanuni za gridi zinazosimamiwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na anayekaidi amri ya chumba cha udhibiti anapigwa faini. Tayari wapo wazalishaji wasio TANESCO wanaoingiza umeme kwenye mfumo. Mtambo wa maji wa Mwenga kule Mufindi ni megawati 4 tu, inaiuzia TANESCO na kusambaza vijijini kwa nguzo zake. Wakiongezeka wa aina hiyo, na wa jua na upepo kule Singida, tutawaongoza kwa kanuni zipi kama muongozaji naye ni mshindani wao?

Ndugu wa Tabata, hofu yako ni ya haki na siwezi kuipuuza. Lakini IPTL na Richmond vilikuwa mikataba ya kuzalisha, na mnunuzi alikuwa shirika lile lile moja unalolitetea. Umoja wake haukutukinga. Bibi wa Namtumbo nami namtaka abaki na uniti yake ya shilingi 100. Bei inapangwa na EWURA kwa nchi nzima, na usambazaji sijasema ugawanywe. Hapo ndipo naukataa mkakati wa 2014: kuugawa usambazaji kwa kanda kungewaumiza wa pembezoni.

Mchangiaji wa Unguja:

Mnatusahau sisi, na mfano upo hapa hapa. ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, inanunua umeme wa jumla kutoka TANESCO, unavuka kwa waya wa chini ya bahari mpaka Fumba. Waya wa mwanzo ulipoharibika tulikaa gizani 2008, tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu watu wakibeba maji kwa ndoo. Anayeisemea gridi kama jambo la wahandisi peke yao hakuwepo Unguja siku zile.

Ila nawapa faida moja. Mwaka 2017 deni la ZECO lilipokuwa gumzo la nchi nzima, lilijulikana kwa sababu kati ya pande mbili kuna mita na kuna ankara. Je, kati ya Rufiji na Arusha kuna nani anayemwandikia mwenzake ankara?

Fundi mstaafu:

Marahaba mleta mada. Wa Unguja amegusa penyewe. Basi anzeni na hilo: mita za kuaminika kwenye kila mpaka, pale mtambo unapokutana na njia kubwa na pale njia kubwa inapokutana na usambazaji, na hesabu zitengwe ndani ya shirika hili hili. Mkiwa na miaka miwili ya namba hizo, ndipo mje na hoja ya kampuni mpya.

Mleta mada:

Nakubali kuanza na mita, mzee, kwa sharti moja: namba hizo EWURA izichapishe kila robo mwaka, njia kwa njia, mtu yeyote azisome. Zikikaa kabatini, miaka miwili itakuwa kumi.

Mchangiaji wa Tabata:

Mita sina ugomvi nazo. Swali langu kwa mleta mada ni mikopo iliyojenga njia hizo. Siku zikihamishiwa kampuni mpya, madeni yanahama nazo au yanabaki kwa TANESCO isiyo na njia?